Aliyetoka Daftarini Si Lazima Awe Kapata Kazi

Juni 2018 jimbo la Arkansas, Marekani, lilianza kuwataka watu wazima wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, wathibitishe kila mwezi kwamba wamefanya kazi saa 80, au wametumia saa hizo kusoma au kujitolea. Mwanzoni uthibitisho wenyewe ulipokelewa kwenye tovuti tu. Mtu hakuruhusiwa kupiga simu wala kwenda ofisini na karatasi mkononi. Na tovuti hiyo ilifungwa kila siku saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kana kwamba mashine nayo ina watoto wa kulaza. Aliyeshindwa kuripoti miezi mitatu alifutwa hadi mwaka uishe. Ilipofika Desemba watu wapatao 18,000 walikuwa wamepoteza bima.

Machi 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliusimamisha mpango huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliohoji wakazi wa Arkansas na wa majimbo mengine matatu walikuta kwamba ajira haikuongezeka hata kidogo. Walikuta pia kwamba zaidi ya 95 katika kila 100 ya waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi, au walikuwa na sababu inayowasamehe kisheria: ugonjwa, masomo, kulea. Kwa hiyo wengi wa waliofutwa hawakuwa wavivu waliokataa kazi. Walishindwa na fomu.

Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria inayolirudisha sharti la saa 80 katika majimbo yote yaliyopanua Medicaid, na majimbo yametakiwa yawe yameanza ifikapo Januari 2027. Nchi yenye wataalamu wengi wa jambo hili imelipima, imeona matokeo, kisha imelipanua. Mtu akitaka kujua kwa nini mjadala wa kuwatoa watu kwenye misaada na kuwaingiza kazini hauishi, aanzie hapo.

Swali lenyewe ni rahisi kuuliza: mipango hii inawasaidia kweli wanufaika wapate kazi? Ugumu uko kwenye kuhesabu. Wanasiasa hupenda idadi ya waliotoka kwenye daftari la misaada. Wizara hupenda idadi ya walioajiriwa. Mtafiti anauliza idadi ya tatu, ile isiyopendwa na mtu: kati ya hao walioajiriwa, wangapi wangepata kazi hata kama mpango usingekuwapo? Watu hutoka kwenye misaada kila siku kwa sababu zao wenyewe. Mtoto anaanza shule, mama anapata nafasi ya kutoka. Aliyeumia mgongo anapona. Uchumi unachangamka na waajiri wanabandika matangazo madirishani. Mpango unaojihesabia watu hao wote unavuna shamba usilolilima.

Mfano mkubwa wa mavuno ya namna hiyo ni wa Marekani tena. Agosti 22, 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyouzika mfumo wa misaada ya familia uliokuwapo tangu 1935 na kuweka mpya, TANF. Familia isingepokea fedha za serikali kuu kwa zaidi ya miezi 60 katika maisha yote. Majimbo yalipewa fungu lisilobadilika, takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na yakatakiwa yawafikishe angalau nusu ya wanufaika kwenye kazi au shughuli zinazohesabiwa kuwa kazi. Miaka michache baadaye ushindi ukatangazwa. Mwaka 1994 wapokeaji walikuwa zaidi ya milioni 14. Kufikia 2000 walibaki kama milioni 6.

Ajira nayo ilipanda, na hilo si la kubeza. Akina mama ambao hawajawahi kuolewa waliokuwa na kazi walikuwa chini ya nusu mapema katika miaka ya 1990, wakafika karibu theluthi mbili mwaka 2000. Lakini kipindi hicho hicho ukosefu wa ajira ulishuka hadi asilimia 4, kiwango ambacho Wamarekani hawakuwa wamekiona kwa karibu miaka 30. Kipindi hicho hicho EITC, yaani nyongeza inayolipwa kupitia mfumo wa kodi kwa wafanyakazi wa mishahara midogo, ilikuwa imepanuliwa sana, tangu 1993. Mambo matatu yalisukuma gari moja, kisha dereva mmoja akapewa zawadi. Wachumi wamegombana kwa miaka mingi juu ya nani alisukuma kwa nguvu zaidi, na sioni wakimaliza.

Lisilobishaniwa ni lililotokea baadaye. Mwaka 1996, katika kila familia maskini 100 zenye watoto, 68 zilipata msaada huo. Mwaka 2014 zilizopata zilikuwa 23. Umaskini haukupungua kwa kiasi hicho. Mlango ndio uliofungwa. Sheria yenyewe ilihimiza mlango ufungwe, kwani kadiri jimbo lilivyopunguza idadi ya wanufaika ndivyo lilivyopunguziwa sharti la kuwafikisha nusu yao kazini. Afisa wa jimbo alikuwa na njia mbili: kumtafutia mama kazi, jambo linalochukua miezi na fedha, au kumfuta kwa kukosa miadi, jambo linalochukua dakika tano. Kwenye takwimu, njia zote mbili zilimletea sifa ile ile. Leo majimbo yanatumia karibu robo tu ya fedha za TANF kuzipa familia fedha taslimu. Huko Mississippi mkaguzi wa jimbo alitilia shaka matumizi ya dola milioni 94 katika ripoti yake ya 2020, na milioni 5 kati ya fedha za maskini zilikuwa zimekwenda kwenye uwanja wa voliboli wa chuo kikuu.

Nisieleweke kwamba hakuna kinachofanya kazi. Kipo, na tunakijua kwa sababu Wamarekani hao hao waliwahi kufanya upimaji ambao mpaka leo unafundishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 California ilikuwa na mpango ulioitwa GAIN, na shirika la utafiti la MDRC liliupima katika kaunti sita kwa kura: wanufaika fulani waliingizwa, wengine wenye hali zile zile wakaachwa wafuate maisha yao. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo kazi halisi ya mpango, bila kuchanganya na hali ya uchumi wala bahati.

Kaunti ya Riverside iliziacha nyingine mbali. Wanufaika wake walichuma asilimia 49 zaidi ya kundi la kulinganishwa katika miaka mitatu. Siri yake haikuwa darasa. Kila mfanyakazi wa ofisi ile, chini ya mkurugenzi Lawrence Townsend, alikuwa na shabaha yake ya mwezi ya watu wa kuwafikisha kazini. Kulikuwa na maafisa ambao kazi yao ilikuwa moja tu, kuzungukia waajiri na kutafuta nafasi kabla hazijatangazwa. Mnufaika aliambiwa waziwazi kwamba kazi yoyote ni bora kuliko kukaa, na kwamba kazi ya mshahara mdogo ni mwanzo wa kazi nyingine. Habari zikaenea nchi nzima. Wabunge walikuja kutazama. Falsafa iliyotia sheria ya 1996 nguvu ilitoka kwa kiasi kikubwa pale.

Halafu muda ukapita, na hapa ndipo watetezi wa njia hii husahau kufungua ukurasa wa pili. Mwaka 2006 wachumi Joseph Hotz, Guido Imbens na Jacob Klerman walichapisha uchambuzi mpya wa kaunti nne za GAIN baada ya miaka tisa. Ile njia ya kuwasukuma watu haraka kazini iliongoza mwanzoni. Baadaye kaunti zilizowekeza kwenye mafunzo zikaikaribia na kuzidi kupunguza pengo. Waliopewa ujuzi walichelewa kuanza, ila hawakusimama pale walipoanzia. Imbens huyo ndiye aliyepata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, kwa kazi ya namna ya kutambua chanzo na matokeo.

Hata hivyo mafunzo nayo si dawa ya kila kitu. Katika miaka ya 1990 MDRC ilipima mipango 11 katika sehemu saba, watu zaidi ya 40,000, na katika sehemu tatu kati ya hizo iliziweka njia hizo mbili uso kwa uso kwa kura. Kwa miaka mitano darasa la kusoma na kuhesabu halikuishinda njia ya kutafuta kazi moja kwa moja. Mtu mzima aliyeacha shule akiwa na miaka 15 akarudishwa kwenye dawati lile lile, bila ufundi wa kuuza sokoni, hatoki pale na mengi. Mpango uliofanya vizuri kuliko yote ulikuwa wa Portland, Oregon, nao haukuwa wa upande mmoja. Wengi walianza kwa kutafuta kazi, wengine walipelekwa kwenye mafunzo mafupi ya fani, na maafisa waliwahimiza wasidake kazi ya kwanza: wangoje yenye mshahara unaozidi kima cha chini, ya kutwa nzima, yenye nafasi ya kupanda. Uvumilivu huo mdogo ulilipa.

Kuna jambo moja katika tafiti hizo ambalo kila waziri wa fedha anapaswa kulisoma polepole. Karibu mipango yote 11 iliongeza ajira na mishahara. Lakini mapato ya familia, ukijumlisha kila kilichoingia, kwa wastani hayakuongezeka. Kilichopatikana kazini kilikatwa kwenye msaada. Mama aliyekuwa akipokea fedha nyumbani sasa alikuwa akipokea kiasi kile kile, akiwa amepanda mabasi mawili na kumwacha mtoto kwa jirani. Aliyefaidika ni hazina.

Waliotaka kuondoa kasoro hiyo walifanya jambo la wazi: walimwachia mfanyakazi sehemu ya msaada. Minnesota ilijaribu kuanzia 1994, na ajira ikapanda pamoja na umaskini kupungua, vitu viwili ambavyo mara nyingi haviji pamoja. Kanada nayo, kuanzia 1992, iliwapa wazazi wanaolea peke yao huko British Columbia na New Brunswick nyongeza ya mshahara kwa hadi miaka mitatu, mradi wafanye kazi saa 30 kwa wiki. Ajira ya kutwa katika kundi hilo ilifika karibu maradufu ya kundi la kulinganishwa. Nyongeza ilipokwisha, tofauti ikafifia. Wakosoaji wanasema hilo linaonyesha mpango ulishindwa. Mimi nalisoma tofauti: kazi zenyewe zililipa vibaya, na msaada ulipoondoka zikabaki kazi zilizolipa vibaya.

Uingereza ilichagua njia ya mkandarasi. Juni 2011 serikali ya mseto ya David Cameron ilizindua Work Programme: kampuni 18 zikapewa mikataba 40, kila aliyekaa muda mrefu bila kazi akakabidhiwa kwa mojawapo kwa miaka miwili, na malipo makubwa yakatolewa tu pale mtu anapodumu kazini. Wizara iliamua isiulize mkandarasi anafanyaje. Ilichotaka ni matokeo. Kwa kijana anayepokea posho ya wasio na ajira, mkandarasi aliweza kupata takriban pauni 3,800. Kwa mtu aliyetoka kwenye posho ya muda mrefu ya ugonjwa, zaidi ya pauni 13,000. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki: mgumu kusaidiwa alipiwe zaidi.

Matokeo ya kwanza yalitolewa Novemba 2012. Kati ya watu 878,000 waliokuwa wamepelekwa, waliodumu kazini kwa muda uliotakiwa walikuwa kama 31,000. Wizara ilikuwa imekadiria kwamba bila mpango wowote watu 5 katika 100 wangepata kazi, ikawawekea wakandarasi kima cha chini cha 5.5. Walipata 3.5. Yaani chini hata ya makisio ya kukaa bure. Wizara ilijitetea kwamba ni mapema mno kuhukumu, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli: miaka miwili baadaye ofisi ya ukaguzi ya taifa ilikuta wenye posho ya kawaida wanapata kazi kwa kiwango kinacholingana na mipango iliyotangulia, kwa gharama ndogo zaidi.

Wagonjwa na walemavu, wale wa pauni 13,000, ndio walioachwa. Mkandarasi anayesubiri malipo hadi mtu adumu kazini ana sababu zote za kuokota maembe yaliyoanguka yenyewe na kuyaacha ya juu mtini, hata ukimwambia ya juu yana bei. Mwenye ugonjwa wa akili aliitwa kwa mahojiano ya simu kila baada ya wiki kadhaa, akaulizwa anaendeleaje, simu ikakatwa. Jambo hili liliandikwa na watafiti, wakaguzi na kamati za bunge, na lilikuwa limetabiriwa na kila aliyeusoma mkataba. Bei kubwa kwenye karatasi haimfanyi mtu aajirike kama hakuna anayelipia matibabu yake kwanza.

Sambamba na hayo kulikuwa na adhabu ya kukatwa posho. Watafiti wa vyuo vikuu kadhaa wakiongozwa na Chuo Kikuu cha York walifuatilia wanufaika wa Uingereza kuanzia 2013 hadi 2018, wakahitimisha kwamba kukata posho hakukuwasogeza watu kazini kwa kiasi cha maana, bali kuliwasukuma wengine kwenye madeni na maradhi. Ujerumani, ambayo tangu mageuzi ya Hartz IV ya Januari 2005 ilikuwa nayo na adhabu kali, iliambiwa na Mahakama yake ya Katiba Novemba 2019 kwamba kukata zaidi ya asilimia 30 kunavunja heshima ya utu. Nakubali kwamba kitisho huwafanya baadhi waharakishe. Wanaharakisha kuelekea kibarua cha kwanza kinachotokea, na wapo wanaorudi ofisini msimu ukiisha.

Lipo swali baya zaidi, na Wafaransa ndio waliolijibu vizuri. Ukimsaidia mtu mmoja kupata kazi, je, umeongeza kazi moja nchini, au umemsogeza mbele ya mwingine kwenye foleni? Wachumi Bruno Crépon, Esther Duflo na wenzao walichukua maeneo 235 ya ofisi za ajira Ufaransa, wakapiga kura mara mbili: kwanza ni sehemu gani ya vijana wa kila eneo isaidiwe, kuanzia hakuna hadi wote, kisha nani hasa. Baada ya miezi minane vijana waliosaidiwa walikuwa wamepata kazi za kudumu kwa wingi kuliko wenzao. Lakini faida hiyo ilififia, na kwa sehemu ilitoka mifukoni mwa vijana wasiosaidiwa wa eneo hilo hilo, hasa pale kazi zilipokuwa haba. Mpango unaopimwa kwa waliosaidiwa tu hauwezi kuona jambo hilo.

Msomaji mwenye ndugu aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenda Marekani anaijua mizani hii bila kusoma ripoti. Kwa miaka mingi mashirika yanayowapokea wakimbizi kwa mpango wa Matching Grant yalipimwa kwa kipimo kimoja: familia iwe imejitegemea ndani ya siku 120 hadi 180, bila fedha za msaada wa serikali. Ndiyo maana Mkongo aliyekuwa mwalimu alijikuta kwenye kiwanda cha kuchinja kuku kabla hajajua Kiingereza cha kutosha kumwambia msimamizi mkono unamuuma. Siku ya 180 alihesabiwa amefaulu. Baada ya siku hiyo kipimo kilifungwa.

Ukikusanya tafiti zote hizi pamoja, kama walivyofanya David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber mwaka 2018 kwa zaidi ya tafiti 200 kutoka duniani kote, picha inayobaki ni hii: athari ya muda mfupi, kwa wastani, iko karibu na sifuri. Faida huonekana baada ya miaka miwili au mitatu, na huwa kubwa kwa mipango inayojenga ujuzi, kwa wanawake, na kwa waliokaa muda mrefu bila kazi. Yaani wale wale ambao mkandarasi huwaacha mtini ndio wanaofaidika zaidi wakishikwa mkono. Kwa nchi zetu hesabu ni ngumu zaidi. David McKenzie wa Benki ya Dunia, akipitia majaribio ya kura ya nchi zinazoendelea mwaka 2017, alikuta kwamba katika kila watu 100 wanaopewa mafunzo ya ufundi, wawili au watatu hivi ndio wanaopata kazi ambayo wasingeipata vinginevyo.

Hilo linatufikisha TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini hauwadai walengwa wake ajira ya ofisini, na vizuri, kwa sababu kijijini hakuna. Unatoa ruzuku, unatoa ajira za muda za hadi siku 60 kwa mwaka katika malambo na barabara za vijiji, unasaidia kuanzisha shughuli ndogo za uzalishaji. Kisha kaya zinahitimu. Kila zinapotangazwa kaya zilizohitimu, makofi yanapigwa, na mimi najikuta naikumbuka Marekani ya mwaka 2000.

Kupima vizuri tunaweza. Kuanzia 2010, huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, TASAF ilichukua vijiji 80, ikavigawa kwa kura nusu kwa nusu, na matokeo yakaonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia yote: kaya zilizopokea ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilifuga kuku zaidi, zilinunulia watoto viatu. Upimaji wa namna hiyo ufanyike pia kwa wanaohitimu. Kaya zifuatwe miaka mitatu baada ya kutoka daftarini, zilinganishwe na zilizobaki, na takwimu za wilaya kwa wilaya zitolewe kwa umma siku ile ile inapotangazwa idadi ya waliohitimu. Mbunge wako atakapopewa idadi hiyo kwenye kikao cha bajeti, mwombe aulize wangapi kati yao wamerudi kuomba.